Kila Mtoto Ana Mama Yake

Kila mwaka wanafunzi wa informatique, yaani elimu ya kompyuta, hapa Butembo wananitumia mjumbe. Mama Katungu, njoo utuzungumzie kazi, wewe uliingiza mashini kwenye guichet ya wagonjwa wakati sisi bado tunanyonya. Na kila mwaka najibu kwamba goti linaniuma. Wajukuu, goti langu ni zima. Jana tu limenipandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Kinachoniuma ni haya, na haya haina dawa ya kupaka.

Basi mwaka huu nimeona niandike, mnisome nikiwa mbali nisiyaone macho yenu. Nitajaribu Kiswahili cha shule, lakini watu nitawaacha waseme vile wanasema.

Guichet ni dirisha, hakuna zaidi. Mgonjwa anafika, anasema jina, wewe unageuka, unachomoa fishi yake, kadi ya matibabu, kwenye rafu, anaipeleka kwa muuguzi. Bila fishi hakuna sindano wala kitanda. Nilikaa nyuma ya dirisha hilo miaka mingi, kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, na mume wangu alipofariki watoto wangu walikula, wakavaa na wakasoma kutoka dirisha hilohilo. Siku moja Docteur, mkubwa wa kituo, akaniita.

"Mama Katungu, mashini inakuya. Mutu wa guichet atakuwa na diploma ya informatique. Ukiileta, unabaki pale. Ukiikosa, nitatafuta kijana. Usinikasirikie, njo vile dunia inaenda."

Sikumkasirikia. Nilikwenda nyumbani nikapika sombe, yale majani ya muhogo, nikasahau chumvi, watoto wakala hivyohivyo. Asubuhi nikaenda kujiandikisha chuoni.

Siku ya kwanza niliingia darasani na kitenge changu kizuri na viatu vya kanisani, na wanafunzi wote wakasimama. Walidhani mimi ni profesa! Nikawapungia mkono wakae, kama mjinga, kisha nami nikatafuta nafasi kwenye benchi. Halafu kicheko, wajukuu, kicheko cha kubomoa paa. Kijana mmoja akasogea, akapangusa benchi kwa mkono wake. Anaitwa Paluku, mtamsikia tena, kwa sababu baadaye alikuja kufanya kazi nami.

"Kuya hapa, mama. Batazoea."

Hawakuzoea upesi, na mimi pia. Mwalimu wetu alikuwa Asistanti Kasereka, kijana mwembamba mwenye tai ndefu kuliko yeye. Huyo alizaliwa kwenye kituo chetu, fishi yake ya chanjo niliiandika mimi, na jinsi alivyopiga kelele ile sindano ilipoingia, naikumbuka. Alipokuwa akiita majina akafika kwa langu, akakwama. Kuniita "Katungu" kavu hivi, adabu ilimkataza. Akasema "Mama," polepole, na darasa zima likaitika "Naaam!" Mimi na yeye tuliangalia chini pamoja. Tangu siku hiyo nilijiapia kwamba hapa chuoni hakuna atakayejua mimi ni mama wa mafishi. Nitakuwa mwanafunzi kama wengine, nitasema kama kitabu.

Msicheke, nyinyi mnaozaliwa na simu mkononi. Sisi programu tuliziandika kwenye karatasi, kwa kalamu ya bic. Asistanti alikuwa anachora mashini ubaoni kwa chaki, tunanakili, halafu anasahihisha kwa wino mwekundu kama vile yeye ndiye mashini. Wiki za kwanza zote hatukugusa kompyuta. Tulipoigusa, groupe, jenereta ya chuo, ilikuwa inanguruma nje kiasi kwamba mwalimu anapiga kelele ili usikie neno "silence". Kile kipanya mimi nilikishika kama yai. Nikikisogeza kinafika mwisho wa meza, nami naendelea, kinaanguka. Paluku anakiokota. "Mama, unakinyanyua, unakirudisha, unaendelea. Haiko baiskeli."

Jambo moja la kazi nawapa bure: hifadhi kila unapopumua. Usingoje kumaliza. Umeme wetu haubishi hodi ukiondoka. Nililia chozi la kweli siku mafuta ya groupe yalipokwisha, asubuhi nzima ya kazi ikaenda nayo, na mlinzi anasema tu, "Pole mama, tungi iko kavu." Tangu hapo diski yangu ndogo niliifunga kwenye ncha ya kitenge, pale mnapofunga nauli, na kila sehemu nikimaliza, nafungua fundo, naweka, nafunga. Vijana walicheka fundo. Mwezi wa mtihani nusu yao walipoteza kazi, mimi sikupoteza.

Na jambo la pili, hili nalisema kwa shida. Asistanti alitufundisha kwamba katika mfumo kila mtu anahitaji ufunguo wake, alama moja ya kumtambulisha asichanganyike na mwingine. Kitabu, ambacho kilitoka mbali, kilisema jina na jina la pili vinatosha. Asistanti akafunga kitabu, akaniangalia.

"Mama, weye uko na mazoezi. Pale kwenu munatofautisha batu namna gani?"

Hapa kwetu Wanande mtoto wa pili wa kiume ni Kambale. Nyumba hii ina Kambale, ile ina Kambale, na upande wa pili wa barabara wapo wengine wanaotutazama. Masika, binti wa kwanza, vilevile. Nilikuwa najua. Mtu akifika dirishani nilikuwa namuuliza: Kambale wa nani? Wa mlima gani? Mama yako nani? Naandika kwa penseli nyuma ya fishi, na mikono yangu ilijua yule ni yupi kabla kichwa hakijakumbuka. Asistanti aliuliza kwa sababu alitaka nisaidie. Lakini nilisikia mtu anacheka nyuma yangu, sijui hata alicheka nini, nikaona penseli yangu, nikaona rafu na vumbi, nikaona haya.

"Kwa jina, Asistanti," nikajibu. "Jina na jina la pili."

Akaandika ubaoni. Hivyo ndivyo nilivyotengeneza mfumo wangu wa kuandika wagonjwa, kazi yangu ya kumalizia chuo.

Siku ya kutetea kazi, ile tunayoita défense, mnaijua. Familia yangu yote walikuja na sare ya kitenge kimoja. Dada zangu walipanda gari toka Beni alfajiri, na kreti za soda na kopo la poda ya kunimwagia kichwani nikishinda. Mkubwa wa jury iliyonihoji naye alitoka Beni, profesa mzito, mwenye koti na sauti ya askofu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani.

"Vizuri. Miye ni mugonjwa. Niandike. Kambale," na akataja jina lake la pili.

Mafishi ya kituo nilikuwa nimekwisha kuyaingiza kwa majaribio; nikaandika kwa kidole kimoja, nikabonyeza. Mashini ikasema kwa Kifaransa kwamba mgonjwa huyo yupo tayari, na kwa heshima zote ikamfungulia fishi yake ukutani, herufi kubwa, kila mtu asome: Kambale fulani, ametahiriwa mwezi uliopita, kidonda kinaendelea vizuri.

Ayi, wajukuu! Ukumbi ulianguka. Dada zangu walificha uso ndani ya kitenge. Hata Docteur, aliyekuja kuona kama nitabaki kwenye guichet yake, alikuwa anajipangusa macho. Profesa peke yake hakucheka. Akavua miwani, akauliza kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kicheko:

"Mama, weye ni Munande?"

"Ndiyo, profesa."

"Na haujui ba-Kambale tuko wangapi?"

Waliniahirisha hadi kipindi cha pili. Poda ilirudi nyumbani na kopo lake, soda tukazinywa kama za msibani. Docteur akaniambia nina nafasi moja iliyobaki, hakuna nyingine.

Kusahihisha hakukuwa kugumu. Ile penseli ya nyuma ya fishi, nikaiingiza kwenye mashini. Nikaongeza kisanduku: jina la mama. Kambale wa nani? Wa Kavira. Masika wa nani? Wa Kanyere. Mara moja ba-Kambale wote wakajipanga kila mmoja kwa mama yake. Asistanti alifurahi mpaka tai ikamkaa begani. Lakini akaweka kidole kwenye mchoro wangu, pale nilipoandika kwamba kila mgonjwa ana mama mmoja, si chini ya mmoja.

"Hapa, mama. Mbele ya kuandika moja, jiulize kama siku ingine haitakuwa sifuri."

Yaani ningeweza kuruhusu kisanduku kile kikae wazi. Mimi nikacheka. Nilikuwa nimechekwa mwaka mzima, sasa zamu yangu.

"Asistanti, mutu bila mama umemuona wapi? Kila mutoto iko na mama yake."

Akainua mikono. Nikaweka "lazima". Tena nikaongeza kufuli: mashini isikubali alama ya kuuliza, isikubali herufi moja, isikubali mstari. Sikutaka mtu yeyote anifanye nichekwe tena mbele ya watu. Kipindi cha pili nikashinda, poda nikamwagiwa mpaka masikioni, Docteur akanipa mkono. Guichet ikabaki yangu, na mfumo wangu ukawekwa pale dirishani. Paluku naye akapata kazi, akawa anakaa upande wangu na kuniita "chef", yaani mkubwa wake. Rafu za mafishi zikatolewa, wakaweka viti vya wagonjwa mahali pale. Kwa muda nilitembea kichwa juu. Nasema kwa muda.

Siku moja mwendesha pikipiki aliingia na mtoto mikononi. Alikuwa amemkuta njiani, watu wakikimbia mapigano kutoka upande wa Mabalako, mtoto amekaa peke yake pembeni ya barabara, anaungua na homa. Msichana mdogo, wa umri wa kuanza kuchezea maneno. Nikatoka nje ya guichet, nikachuchumaa.

"Unaitwa nani, mama mudogo?"

"Masika."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama."

"Mama nani?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Mama yangu."

Paluku alikuwa tayari kwenye mashini. Akabonyeza, ikakataa. Akaweka alama ya kuuliza, ikakataa. Akaweka mstari. "Chef, mashini inakatala." Muuguzi anaita kutoka ndani, fishi iko wapi, siwezi kumpokea bila fishi, dawa itatoka kwa jina la nani? Na mtoto anatetemeka kwenye mikono ya yule mwendesha pikipiki, meno yanagongana.

"Tuweke 'hajulikani'," Paluku akasema. "Hilo ni neno, itakubali."

Ingekubali. Lakini Docteur alikuwa anasoma karatasi za mashini kila jioni. Angeona "hajulikani", angeuliza, na ningelazimika kusema kwamba nimekosea tena, palepale nilipoonywa nikacheka. Nikaona ukumbi ule. Nikamsukuma Paluku kidogo, nikaandika mwenyewe: Katungu. Jina langu. Mashini ikakubali, fishi ikatoka, mtoto akapewa kitanda na sindano.

Wale waliokuwa kwenye foleni waliona. Mama mmoja akasema, "Angalia roho ya huyu mama! Amemupatia mutoto jina yake." Habari ikatembea kituo kizima, mpaka padri wa parokia alinisifu. Na mimi nikaacha sifa zipite. Kila asubuhi nilimpelekea Masika uji, homa ikashuka, akaanza kunifuata akishika kitenge changu. Nilimpenda, hilo ni kweli. Lakini jina sikuliandika kwa mapenzi. Niliandika kwa sababu ya haya, na siku hizo sikumwambia mtu yeyote.

Siku kadhaa baadaye nilitoka kwenda kula maharagwe upande wa pili wa barabara. Niliporudi Paluku alikuwa anafunga dirisha kwa muda.

"Chef, mama mumoja alipita. Alikuwa anatafuta Masika wa Mabalako. Nimeangalia, hayuko."

Nikakigeuza kioo cha mashini upande wangu.

"Umeangalia namna gani?"

"Na jina ya mama, sawa vile uliweka. Ba-Masika bako wengi sana. Nimemuuliza, mama wa mutoto ni nani? Amesema ni miye, Kahambu. Nimeandika Kahambu, hakuna. Nimemwambia hayuko hapa."

"Paluku! Masika wa Mabalako iko kwa kitanda pale nyuma yako! Uliniona nikimwandika!"

Akaangalia mashini, akaniangalia mimi.

"Lakini chef... mashini imesema hayuko."

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na viatu vya kazi, barabarani pale Butembo, vumbi jekundu mpaka kwenye magoti, watu wanageuka wakidhani nimeibiwa. Moyoni nilikuwa namwona yule mama, anatoka kituo hadi kituo, kila mahali dirisha, na dirisha letu, la kwangu, limemwambia kwa uhakika wote kwamba mtoto wake hayuko, na kati yake na mtoto ulikuwa ukuta mmoja wa matofali. Angerudi wapi? Angemtafuta wapi tena, akishaambiwa hayuko na mashini isiyosahau?

Nikafika kwenye maegesho ya pikipiki. Wanawake walijaa pale, na mizigo, na mavitunguu, na watoto mgongoni. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mama Masika!" Karibu nusu yao wakageuka. Bila shaka! Kila mwenye binti wa kwanza hapa kwetu ni Mama Masika. Wananiangalia, kila mmoja anangoja habari yake, na mimi pumzi imekwisha. Nikashika nguzo, nikaita tena, "Wa Mabalako! Kahambu wa Mabalako!"

Mmoja akashuka kwenye pikipiki. Hakuwa na mzigo hata mmoja. Ndala zake hazikuwa jozi, moja bluu, moja nyekundu. Alikuwa amekwisha kupatana na dereva ampeleke Beni, kwa sababu Beni alikuwa ameulizia sehemu chache tu na hapa Butembo, alisema baadaye, alikuwa amemaliza.

Sikuweza kusema sentensi nzima. Nilisema "Iko. Mutoto iko," nikamshika mkono, tukarudi, mimi na yeye, tunatembea na kukimbia. Alipoingia wodi Masika alikuwa amekaa kitandani anavuta uzi wa blanketi. Akainua kichwa. Sitaandika yaliyofuata, si yangu.

Walipotulia nikamwendea yule mama. Nilikuwa nimeamua njiani. Nilitaka aseme neno baya, nililihitaji. Docteur alikuwa amesimama pale, na wauguzi, na Paluku mlangoni, nikasema mbele yao wote.

"Mama Kahambu, unisamehe. Ni miye nilikufukuza. Niliandika jina yangu kwa mahali ya jina yako, juu niliogopa kuchekwa. Njo maana balikuambia hayuko."

Akanisikiliza, mtoto amemkumbatia shingoni. Kisha akapiga magoti, mtoto na yeye, kwenye sakafu ile ya saruji, akashika mikono yangu yote miwili. "Wasingya," akasema kwa Kinande, kunishukuru. "Wasingya, mama." Nikajaribu kumwinua, akakataa kuinuka.

"Hapana, mama. Mashini njo ilikatala. Weye njo ulinikimbilia."

Nikatafuta neno la kumweleza kwamba mashini haijui kukataa mpaka mtu aifundishe. Nilikuwa na diploma, nilikuwa nimesoma mambo hayo kwa Kifaransa na nimeyatetea mbele ya jury, na sikulipata neno hilo. Masika akasema ana njaa. Nikaenda kuleta uji.